Mwavuli wa Siku ya Kufunga Mlango

Tarvel, njia ya Alibag
28 Agosti 1994

Sista Sunanda,

Barua yako nimeipata, na kabla sijaijibu ni vizuri ujue unaandikiana na nani. Mimi, Shelim Tarvelkar, ndiye msomi mkubwa wa mambo ya Kiyahudi kati ya Alibag na Pen. Torati naisoma bila kuitazama. Siku za sikukuu sinagogi yetu hujaa mpaka watu wanakosa pa kukaa, wengine wanasikiliza kutoka kwenye ngazi.

Nimeandika hayo, nimeyasoma tena, nikakumbuka kwamba wewe ulimuuguza dada yangu Dina miaka miwili huko Pen, na Dina hakuwa mtu wa kunisitiri. Basi tuyasahihishe. Shule niliishia darasa la nne. Torati naisoma bila kuitazama kwa sababu hata nikiitazama hainisaidii; baba alinikaririsha kwa makofi, na nikikosea nakosea palepale alipokosea yeye. Tuliobaki Tarvel ni familia nne. Wanaosikiliza kutoka kwenye ngazi ni mbuzi wa jirani.

Unasema ulianza kwa kumwashia Dina taa ya Ijumaa mikono yake ilipokufa ganzi, na alipofariki ukajikuta huwezi kuacha kuiwasha. Ndivyo alivyo huyo. Amekufa na bado anawapa watu kazi. Unasema kila Jumapili unakwenda Mumbai kwenye darasa la wageni wa dini, na kwamba Bwana Gershon, katibu wa kamati, anataka ukae na Wayahudi sikukuu zote za mwaka mmoja, kuanzia Mwaka Mpya mpaka Sikukuu ya Majuma, kisha mzee wa mahali hapo aandike barua ya ushahidi, ndipo marabi watatu wakuite na kuamua kama utapokewa. Na katika India yote hii ukanichagua mimi. Pole sana.

Mimi nimechoka, Sista, nakwambia mapema. Mwaka wa thelathini na moja huu nashika ufunguo wa sinagogi, na kazi yenyewe si kusali, ni kuhesabu wanaume. Sala kubwa hazisaliwi bila wanaume kumi, na mimi kila sikukuu nasimama mlangoni kama mchungaji, nahesabu, napata saba, natuma mtu Alibag akaazime watatu. Binti yangu Hadasa aliyehamia Ashdod, huko Israeli, ananiandikia kila mwezi maneno mawili: funga, uje. Lakini kwa ajili ya Dina nitakubeba mwaka huu mmoja.

Njoo Mwaka Mpya wetu, tarehe sita Septemba. Halafu siku nane baadaye uje kwenye mfungo mkubwa, Siku ya Upatanisho, ambayo wazee wetu waliiita Siku ya Kufunga Mlango. Fika kabla ya jua kuzama, uvae nyeupe. Ukiona mtu anasinzia pale mbele, ndiye mimi.

Shelim Tarvelkar


Pen
9 Septemba 1994

Shikamoo Mzee Shelim,

Nilirudi salama, na zamu ya asubuhi niliiwahi. Ahsante kwa ndizi na asali. Mwambie mke wa Mzee Aroni kwamba paja langu bado lina alama. Ulipopuliza ile pembe ya kondoo ikatoa sauti ya bata, alinifinya ili nisicheke, na kumbe yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Nilihesabu wanaume, unisamehe, umeniambukiza. Walikuwa kumi na mmoja. Nilifurahi kama vile ni ndugu zangu.

Nina swali. Kijitabu tulichopewa darasani kinasema mtu anayetaka kuingia katika dini hii hurudishwa mara tatu, aonekane kama ana nia. Akirudi baada ya mara ya tatu, ndipo anasikilizwa. Na ninyi Tarvel mnarudisha watu? Niambie nijiandae. Mimi ni muuguzi, kufukuzwa nimezoea; kuna mgonjwa aliwahi kunirushia bakuli la uji.

Jumatano ya mfungo natoka zamu saa tisa. Nitafika kabla ya jua kuzama kama ulivyosema.

Sunanda Gharat


Tarvel
16 Septemba 1994

Sista,

Kwanza habari mbaya. Nimeibiwa mwavuli.

Ni ule mweusi wenye mkono wa mti, wa marehemu mkwe wangu, ambao hata upepo wa Julai haujawahi kuugeuza. Niliutundika kwenye msumari wa baraza kabla ya mfungo kuanza, kwa sababu siku ile hatubebi kitu wala hatufungui mwavuli. Jana nyota zilipotoka tukafungua mlango, nikanyoosha mkono, nikashika msumari. Siku ambayo Mungu anafuta dhambi za mwaka mzima, kuna mtu ameona aanze daftari jipya papo hapo. Nawashuku watatu: Aroni, mkwe wa Aroni, na muuza maziwa.

Pili, hukuja. Labda zamu ilikubana. Ungekuja ungeona jinsi wazee wetu walivyotuachia jambo hili. Saa kumi alasiri kila mtu ameshaoga maji ya moto na ya baridi na kuvaa nyeupe, na mlango unafungwa. Baada ya hapo hatutoki, hatumgusi mtu wa nje, hatufungui mpaka kesho yake nyota zitoke na pembe ipulizwe. Wazee walisema siku hiyo marehemu wetu huja kututazama, kwa hiyo mlango ukibishwa hakuna anayeitikia. Na kweli ulibishwa, jioni, mara tatu. Aroni akaniambia, "Shelim, baba yako huyo, amekuja kuuliza habari za paa." Tukacheka, tukaendelea kujiandaa kwa sala.

Mgongo unaniuma na tumbo halijakubali chakula. Ukikutana na mtu yeyote huko Pen mwenye mwavuli mweusi wenye mkono wa mti, mpige.

Shelim


Pen
18 Septemba 1994

Mzee Shelim,

Aliyebisha hakuwa baba yako. Nilikuwa mimi.

Nilifika saa kumi na moja, na jua lilikuwa bado juu ya minazi. Nilibisha mara tatu, taratibu, kama tunavyobisha chumba cha mgonjwa. Nikasikia mnacheka.

Nimeelewa. Kijitabu kinasema mara tatu, na hiyo naihesabu kuwa ya kwanza. Sina kinyongo. Kwenye Sikukuu ya Vibanda nitakuja siku ya Ijumaa.

Pole kwa mwavuli.

Sunanda


Tarvel
21 Septemba 1994

Binti yangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi.

Hakuna aliyekufukuza. Ni kichwa changu kibovu. Mtu aliyezaliwa hapa haambiwi kwamba mlango unafungwa saa kumi, kama asivyoambiwa kuvua viatu. Mimi katika maisha yangu sijawahi kumwalika mtu ambaye hakuzaliwa hapa, basi neno hilo halikunijia. Nilikwambia kabla ya jua kuzama kwa sababu ndivyo kitabu kinavyosema, nikasahau kwamba sisi hatufuati kitabu, tunamfuata babu.

Ulirudije? Basi la mwisho la Pen huondoka stendi saa kumi na moja na nusu, na jioni ile mvua ilianza kumwagika. Nijibu hilo.

Ijumaa uje. Kibanda tumekijenga uani kwa makuti, na mbuzi wameshakula ukuta mmoja. Utakaa nasi humo, utakula, utalowa kidogo. Huko hakuna mlango kabisa.

Mwavuli bado haujaonekana. Aroni ameapa kwa macho yake mawili, lakini yote mawili yana mtoto wa jicho.

Shelim


Pen
8 Januari 1995

Mzee Shelim, shikamoo,

Tangu taa za Hanuka sijapata neno kutoka kwako. Nimeandika mara mbili. Nilidhani unaumwa, nikamuuliza kondakta wa basi la Alibag, akasema amekuona sokoni unabishana na muuza mayai. Basi nimeihesabu kuwa ya pili.

Darasani tuko wageni kumi na mmoja. Kuna mzee wa benki kutoka Thane, kuna mume na mke wanaogombana kuhusu nani alianza kuitaka dini hii, kuna msichana ambaye kila baraka ikisomwa analia. Mwalimu ametufikisha kwenye herufi ya kumi na nane ya Kiebrania, nami nasoma polepole kwa kidole. Wenzangu waliniuliza, kwenu Tarvel sikukuu zinakuwaje? Nikajibu kwa kusema "kwetu", ikanitoka tu. Nikawaeleza habari za mbuzi.

Uliniuliza nilirudije siku ile. Nilirudi salama.

Sunanda


Tarvel
11 Januari 1995

Sista,

Acha kuhesabu. Mhesabuji hapa ni mimi na kazi hiyo haitaki watu wawili.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Mosesi ameuza nyumba, ameondoka na mke wake na vijana wake wawili, wote wamekwenda Israeli. Wanaume watatu kwa ndege moja. Nilimsindikiza mpaka stendi, akalia, akaniachia jogoo ambaye hawiki. Nikarudi, nikafungua sinagogi, nikaketi kwenye benchi lake kuona huwa anaona nini. Anaona ukuta. Nikarudi nyumbani nikalala siku mbili. Yule wa mayai hakuhusika, ila alinipa mawili yaliyooza.

Jumatatu tarehe kumi na sita tunaandaa sahani ya Nabii Eliya. Kamuulize marehemu Dina, alikuwa anaipenda kuliko sikukuu zote: mchele uliopondwa, sukari, nazi ya kukuna, na matunda ya aina tano juu yake, tunashukuru na kula kwa mkono. Mke wa Aroni ana nazi sita na bega bovu. Njoo mapema umkunie. Mlango utakuwa wazi, nimeuwekea jiwe.

Kuhusu mwavuli, muuza maziwa nimemwondolea shuku. Alikuwa harusini Roha. Sasa namshuku Nabii Eliya mwenyewe, maana ndiye pekee anayepita kwetu bila kuonekana.

Shelim


Mumbai
1 Mei 1995

Kwa Bwana Shelim Tarvelkar,
Mshika ufunguo, Sinagogi ya Tarvel

Ndugu,

Natumaini mmeimaliza Pasaka kwa amani. Marabi watatu watawasili Mumbai tarehe kumi na mbili Juni kuwasikiliza wanaoomba kupokewa katika dini. Baada ya hapo hawatarejea kabla ya miaka miwili.

Nakuomba ushahidi wako kuhusu Bi Sunanda Gharat unifikie kabla ya tarehe ishirini na tano mwezi huu. Taja kila sikukuu na kama alikuwepo. Marabi wataitazama hasa Siku ya Upatanisho. Asiyeifunga pamoja na jamaa ya Kiyahudi hatahesabiwa kuwa ametimiza mwaka, na jina lake litaahirishwa.

Nakuomba pia, kwa heshima, uandike mambo yanayohusika tu. Barua yako ya mwaka juzi kuhusu paa ilikuwa na kurasa tisa.

Gershon Navgaonkar
Katibu


Tarvel
5 Mei 1995

Sunanda,

Nimekuwekea humu barua ya Gershon. Isome, kisha urudi kwenye hii.

Umeona. Vibanda ulikuja, Hanuka ulikuja, sahani ya Eliya ulikuna nazi zote sita, Purimu ulicheza, na Pasaka ulimsaidia mke wa Aroni kufunika mtungi wa siki, ambayo kwa wazee wetu ndiyo sikukuu yenyewe, Kufunga Mtungi. Sikukuu zetu zote ni za kufunga kitu. Karibuni tutafunga sinagogi na hiyo pia wataipa jina. Majuma bado, nayo utakuja. Imekosekana siku moja tu, na siku hiyo niliikosesha mimi.

Sasa sikiliza. Hadasa amenunua tikiti. Naondoka tarehe ishirini Juni. Sikutaka kukwambia kwa barua, lakini ana kwa ana ningetia mzaha. Nimechoka, binti yangu. Magoti yamechoka, na kuhesabu nimechoka. Ufunguo namwachia Aroni, ambaye tundu la kitasa halioni. Kwa hiyo ukiahirishwa, hakuna mwaka mwingine wa Tarvel wa kurudia.

Nitaandika kwamba ulikuwepo. Mimi nimedanganya kwa mambo madogo kuliko haya. Gershon akikuuliza, sema ulikaa nyuma, upande wa wanawake, karibu na dirisha. Mke wa Aroni ameshakubali kukuona huko. Aroni naye atakuwa amekuona, ingawa kwa Aroni huo si ushahidi mkubwa.

Nijibu neno moja tu: sawa.

Shelim


Pen
10 Mei 1995

Mzee wangu,

Siwezi kuandika neno hilo. Ukiandika uongo kuhusu siku ile, hata nikipokewa nitakuwa nimeingilia dirishani.

Lakini kuna jambo nimekuficha tangu Septemba, na sasa lazima nilitoe.

Sikuondoka.

Mliponicheka nilirudi mpaka kwenye ngazi. Nikafikiri, nimerudishwa, basi, ila hakuna aliyesema nirudi mpaka wapi. Nilipomaliza kufikiri, basi lilikuwa limekwishapita. Nikaketi kwenye benchi la baraza, chini ya dirisha lile la upande wa makaburi ambalo ubao wake haufungi vizuri. Nilikuwa nimevaa nyeupe na sikuwa nimekula. Nikasema, kama ninyi mko ndani mmefungiwa, nami nimefungiwa nje, mlango ni uleule.

Nilikaa usiku ule na kutwa nzima ya Alhamisi. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia Mzee Aroni akisema habari za paa. Nilikusikia ukikoroma kwenye sala ya alasiri, na mtu akikurushia kitabu. Msomaji alipochoka, nilisikia mkiimba bila yeye, na nikaimba nanyi kwa sauti ya chini pale nilipojua.

Na mvua ilikuwa inapeperushwa mpaka barazani. Mwavuli wako ulikuwa umening'inia juu ya kichwa changu. Sikuufungua. Kijitabu kilisema siku takatifu mwavuli haufunguliwi. Nililowa chini ya mwavuli uliofungwa, Mzee Shelim, na naona haya kukwambia kwamba nilikuwa na furaha.

Pembe ilipolia nikajua mtafungua. Sikutaka mnikute, mngeona aibu na mimi ningeona aibu. Mfungo umekwisha, nikasema sasa unaruhusiwa. Nikautoa kwenye msumari, nikaufungua, nikakimbia mpaka njia panda, nikapata lori la chumvi mpaka Pen. Nilikuwa niulete siku ile ya Vibanda. Lakini kabla yake ikaja barua yako ya mwizi wa Siku ya Upatanisho, na ya kumpiga. Nikaogopa. Mgeni anayeomba kuingia katika dini, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuiba mwavuli sinagogini. Kila ulipomshuku mtu mwingine nilizidi kunyamaza. Mwombe radhi Mzee Aroni kwa niaba yangu.

Kuna jingine nililosikia na sikutaka kulisema, lakini nimeshaanza. Kabla ya sala ya kwanza ulihesabu wanaume. Ukafika tisa. Ukahesabu tena, ukafika tisa. Mara ya tatu ukasema kumi.

Andika ukweli wote, na wizi wangu pia. Wakiniahirisha, wameniahirisha. Nitaihesabu kuwa ya tatu.

Sunanda


Tarvel
15 Mei 1995

Kwa Bwana Gershon Navgaonkar,
Katibu

Ndugu Gershon,

Hii ina kurasa mbili tu, kwa hiyo tulia.

Ukurasa wa kwanza. Mimi Shelim, mwana wa Isaji, mshika ufunguo wa Tarvel, nashuhudia kwamba Sunanda Gharat alikuwa nasi Mwaka Mpya, Vibanda, Hanuka, sahani ya Eliya, Purimu na Pasaka, na Majuma atakuwepo nikiwa hai. Siku ya Upatanisho alivaa nyeupe, akafunga, hakula, hakunywa, hakufungua mwavuli mvua ikimnyeshea, na sala zote alizisikia tangu ya kwanza mpaka pembe ya mwisho. Hakulala. Hilo siwezi kulishuhudia kwa mtu mwingine yeyote wa Tarvel, hasa mimi.

Ukurasa wa pili. Alikuwa nje. Barazani. Mlango niliufunga mimi saa kumi kwa desturi ya wazee, yeye akabisha saa kumi na moja, na sikumfungulia. Nimemwambia ni kwa ajili ya desturi, na tena kwamba nilimsahau. Si kweli. Nilimjua kwa jinsi alivyobisha. Marehemu baba yangu hakubisha taratibu hata siku moja, angeupiga teke. Lakini tulikuwa tisa, Gershon. Wale wa Mumbai hawakuja, wa Alibag walikuwa na lao. Nami nilikuwa nimemwandikia huyu binti kwa majivuno kwamba tunajaa mpaka kwenye ngazi, na hata nilipojirekebisha, Mwaka Mpya alikuja akaona kumi na mmoja, akafurahi. Sikutaka aingie atukute tisa, wanaume tisa waliovaa nyeupe kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Nikaona afadhali akute mlango.

Nikahesabu mara ya tatu na nikasema kumi. Hakuna aliyepinga, kila mtu alikuwa amechoka kama mimi. Tukasali sala za watu kumi. Miezi minane nimeubeba uongo ule, na ungenisindikiza mpaka Ashdod.

Sasa Sunanda ameniandikia kwamba alikuwepo tangu mwanzo. Najua wanawake hamuwahesabu. Najua hakuwa bado mmoja wetu. Waambie marabi mimi ni mtu wa darasa la nne. Tisa ndani, mmoja nje, kwa hesabu niliyofundishwa ni kumi. Sala ile ilisimama kwa ajili yake, na kama mna mtu wa kuahirisha, niahirisheni mimi.

Shelim Tarvelkar


Tarvel
28 Mei 1995

Sunanda, binti yangu,

Gershon amejibu barua yangu, ile ambayo nakala yake nilikutumia. Mistari mitatu, anavyopenda. Jina lako liko kwenye orodha ya marabi, tarehe kumi na tatu Juni, saa nne asubuhi. Ukurasa wangu wa kwanza ameuweka kwenye faili. Wa pili anasema amebaki nao nyumbani, ameusoma kwa mke wake, na wala tusiuzungumze tena. Watakuuliza maswali mengi na mengine hutayajua. Waambie hujui. Kwangu mimi hilo ndilo neno ambalo sikuweza kulisema maisha yangu yote, na umeona lilikonifikisha.

Aroni nimemwomba radhi. Amesema alijua siku zote kwamba si yeye.

Sikukuu ya Majuma mwaka huu imeungana na Sabato, kwa hiyo uje Ijumaa, tarehe mbili, mapema, kabla hujakatazwa kufungua chochote. Utalala kwa Aroni, mke wake ameshatandika. Sala itakuwa ya watu saba pamoja nawe kama Alibag hawatatuazima, na sitahesabu zaidi ya hapo. Kama ni saba, tutakuwa saba. Lakini utakaa karibu nami kwenye dirisha lile bovu na uniwekee kidole kwenye mstari, maana nasikia sasa herufi zote unazijua, na mimi kabla sijaondoka ningependa kuona, mara moja, ni wapi hasa baba yangu alikuwa anakosea.

Mawingu yameshafika juu ya kilima na viungo vyangu vinasema mvua itaanza kabla ya wiki kwisha. Nina jambo dogo la kukuomba, na usikatae kwa sababu hili unadaiwa. Niletee mwavuli wangu. Kutoka stendi ufungue, uje nao umejifunika vizuri, kila mtu aone ulikuwa kwa nani. Na ukifika usiutundike kwenye ule msumari wa barazani. Ingia nao ndani.

Shelim